Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Kilfarra, kaskazini mwa Uskoti. Ajenda ya tatu: uwanda.
Ekari mia mbili na kumi. Uwanja wa gofu, mashimo kumi na nane.
Nyumba sitini, kumi na mbili kati yake za bei nafuu.
Waliohudhuria: themanini na saba.
Hayo nimeyaandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko unaosomeka,
kama alivyonifunza Bi Ishbel kabla hajaniachia daftari.

Sikuandika kwamba mvua ilililemea bati la ukumbi
hata bwana wa kampuni akalazimika kulirudia neno "uendelevu"
mara tatu, na kila aliporudia
neno likapungua uzito.

Sikuiandika ramani yake,
kijani kama peremende ya mnanaa,
na vijitu vya kuchora vikitembea na vivuli vyao
mahali ambapo hatujaona kivuli tangu Septemba.

Lachlan Munro alisimama.
Nimeandika: Bw. Munro alipinga.
Alichosema ni hiki:
"Babu zetu walifukuzwa hapa ili kondoo wapate malisho.
Leo kondoo wafukuzwe ili mpira upate shimo."
Watu wakacheka. Yeye hakuwa anacheka.
Akaketi, kofia imelowa magotini,
akaikamua taratibu sakafuni kama mtu aliye peke yake.

Kisha mwalimu, na orodha yake ya ndege wenye kishungi,
viota thelathini na vinne, mayai kwa idadi.
Kisha mtu wa hoteli, aliyehesabu vitanda.
Kisha Catriona,
bado na buti za kiwandani, magamba ya samaki kwenye mkono wa koti.
"Ndege mmewahesabia mayai," alisema.
"Ndoo zangu nani amezihesabu?"

Ana ndoo nne. Ana watoto wawili na karavani
nyuma ya nyumba ya mama mkwe, mwaka wa sita sasa.
Nimeandika: Bi. Gunn aliunga mkono.
Mwenye paa huisikia mvua;
asiye nalo huihesabu.

Mwalimu alitaka kujibu, akafungua mdomo,
akaichukua chai yake badala ya neno.

Kanuni ya saba inasema
mwenye maslahi ayatangaze kabla ya mjadala.
Mwenyekiti aliuliza. Ukumbi ulikaa kimya.
Nami nikaandika: Hakuna.
Nyumba yangu ina vyumba vitatu.
Viwili vimefungwa tangu Alasdair alipokwenda Kanada
na baba yake alipokwenda kusikorudiwa.
Madirisha yote yanatazama uwanda,
na asubuhi mimi hunywa uji nikiutazama
kana kwamba ni mimi niliyeutandika.

Kura: wanaokubali, arobaini na mmoja.
Wanaokataa, arobaini na mmoja.
Wasiofungamana, wanne.
Mwenyekiti alijumlisha, akajumlisha tena.
Themanini na sita.
"Mmoja amepotea," alisema,
wakamtafuta chooni, wakamtafuta kwenye birika la chai.
Mkono wangu ulikuwa umeshika kalamu.

Kikao kiliahirishwa hadi Machi.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya uwandani, tochi mfukoni,
kwa sababu njia ile miguu yangu inaijua.
Wapimaji wameacha vigingi vyenye utepe wa rangi ya chungwa.
Kimoja kilikuwa kimelala, pengine kondoo alijikunia.
Nilikiinua. Nilisimama nacho
kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mgeni.
Sikukirudisha shimoni. Sikukitupa baharini.

Kiko mezani, kando ya daftari, kinakauka,
na tope lake linaacha duara kwenye kitambaa.
Ng'ambo ya uwanda taa ya karavani inawaka.
Inazimika. Inawaka tena:
saa tisa ya usiku,
mtu anamwaga ndoo.